Vipande vya kitambaa unavidai, mapato ya kijiji mbona huulizi?



Sisi ni mafundi cherehani. Duka letu liko Kibiti, karibu na barabara kuu iendayo Lindi, na kazi yetu kubwa ni magauni ya harusi, shela, na sare za kina mama wa pande zote mbili. Wateja wetu wengi wanatoka delta, Mbwera, Salale, Maparoni na Kiongoroni, na wengine wanavuka kutoka Mafia kupitia Nyamisati. Leo hatutazungumza mitindo. Tunataka kuzungumza habari ya pesa za kijiji. Msitukimbie, maana tutaanzia palepale kwenye cherehani.

Mteja akituletea mita tano za lesi, jambo la kwanza tunapima mbele yake. Tunaandika kwenye daftari: lesi mita 5, bitana mita 3, shanga pakiti 2, ametanguliza shilingi 40,000. Gauni likiisha anakuja kulijaribu, na kabla hajatoa pesa iliyobaki anauliza, "Na vipande vyangu?" Tunampa mfuko wake. Hata kipande cha ukubwa wa kiganja kimo. Hatukasiriki akiuliza. Sisi mafundi tunasemwa kwamba tunakula vitambaa vya watu, na dawa ya maneno hayo hatujaipata nyingine isipokuwa ule mfuko.

Sasa dada huyohuyo, anayehesabu vipande vya lesi kimoja kimoja, kijijini kwao amechangia ujenzi. Mumewe ametoa nguvu kazi siku nne. Ushuru wa mazao wanalipa. Muulize, pesa zile zimefanya nini? Atakujibu, "Sijui shoga, mambo ya wenyewe hayo."

Wenyewe ni nani, kama si wewe?

Elfu kumi ya kila kaya

Tuwasimulie kisa cha kijiji kimoja cha delta. Jina lake tunalihifadhi, ila mmoja wetu amezaliwa huko. Walikubaliana kila kaya itoe shilingi 10,000 kujenga chumba cha kujifungulia pembeni ya zahanati. Matofali yakafyatuliwa kwa nguvu za wananchi, msingi ukachimbwa, kuta zikapanda mpaka kwenye lenta. Kisha kimya. Mwaka wa kwanza kimya, mwaka wa pili kimya. Mkutano wa kusoma hesabu hauitishwi, na ukiitishwa husikii habari ya chumba.

Mnajua wenyewe, panapokosekana taarifa maneno hayakosekani. Mara mwenyekiti kanunua mashine ya boti kwa pesa zetu. Mara mtendaji kajenga kwao. Watu wakaacha kuchangia kitu chochote, hata madawati ya watoto.

Katika miaka hiyohiyo tulimshonea gauni bibi harusi wa kijiji hicho, la satini ya rangi ya maziwa, mikono mirefu. Mwaka uliofuata uchungu ulimshika usiku. Zahanati haina chumba, akapakiwa kwenye boti aletwe huku nchi kavu. Maji yalikuwa yanakupwa. Boti ikakwama kwenye tope katikati ya mikoko, na mtoto hasubiri bamvua. Akazaliwa humo humo, juu ya kanga mbili, akipokelewa na bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kuuza kaa. Alhamdulillah, mama na mtoto wazima. Lakini kila mtu aliyekuwemo kwenye boti ile anajua kwamba ingeweza kuwa vingine.

Safari hii wanawake hawakunyamaza. Wakajikusanya kama ishirini hivi, wakaenda kwenye mkutano, wakakaa pamoja upande wao. Mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa adabu, "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba tusomewe mapato na matumizi ya chumba cha wazazi." Wanaume wakaguna. Mmoja akasema, "Mnamtuhumu mzee wa watu?" Yule dada akajibu, "Hatujamtuhumu mtu. Tumeomba hesabu."

Baada ya wiki tatu mkutano ukaitishwa tena, na mzee akaja na daftari la shule na risiti zimefungwa kwa mpira. Akasoma. Kijiji kina kaya 212. Zilizotoa ni 131, jumla shilingi 1,310,000. Saruji mifuko 40, shilingi 680,000. Boti na wapagazi kutoka Nyamisati, 240,000. Kokoto 180,000. Fundi 200,000. Baki 10,000. Na kati ya ile mifuko 40 ya saruji, 11 iliingia maji ya chumvi njiani ikaganda, ndiyo maana kazi ilisimama. Mashine ya boti? Ilinunuliwa kwa pesa ya korosho za mkewe, mwenye shamba lake Bungu.

Hakuna aliyeiba, mashoga zetu. Mzee aliona aibu juu ya saruji iliyoharibika, akaogopa kusema, akanyamaza. Na kaya 81 ambazo hazikutoa kitu zilikuwa na shilingi 810,000 za paa, na tulipoyatazama majina, baadhi ya waliokuwa wanapiga kelele kwamba pesa zimeliwa walikuwa ni miongoni mwa hao 81.

Baada ya kusomwa, wengi waliokuwa hawajatoa wakatoa. Bati zimeshapigwa. Kitanda bado.

Hilo ndilo tunalotaka kusema leo. Tunazoea kufikiri kwamba hesabu inasomwa ili mwizi akamatwe. Ni kweli, mwizi atakamatwa. Lakini anayeihitaji zaidi hesabu ile ni kiongozi mwaminifu, kwa sababu bila ya hesabu watu hawana namna ya kumtofautisha na mwizi. Mzee yule alibeba jina la wizi miaka miwili kwa sababu ya mifuko kumi na moja ya saruji ambayo angeweza kuitaja kwa dakika moja. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza, hata heshima ya mtu hupotea vivyo hivyo.

Kuuliza si kukosa adabu

Tunajua mtakalosema. Mwanamke wa Kiislamu ana haya, hatasimama mbele za watu kumhoji mzee. Haya ni sehemu ya imani, hatubishani. Lakini tukumbushane kisa cha Sayyidna Umar (R.A.), kisa ambacho kwa sisi mafundi ni kama kilisimuliwa kwa ajili yetu.

Imesimuliwa kwamba zilikuja nguo, akazigawa kwa Waislamu, kila mtu kipande kimoja. Kisha akasimama kuhutubia, na yeye mwenyewe amevaa vazi refu ambalo kipande kimoja hakikutoshi kulishona, maana alikuwa mtu mrefu mno. Salman al-Farisi akamkatisha, akasema hawatamsikiliza mpaka aeleze kile cha pili amekipata wapi. Huyu ni Amiri wa Waumini, kiongozi wa dola nzima, anaulizwa mbele ya halaiki habari ya mita za kitambaa. Hakufoka. Alimwita mwanawe Abdullah aeleze, na Abdullah akasema kwamba amempa baba yake kipande chake yeye. Salman akaridhika, akasema sasa wanasikiliza.

Angalieni mambo mawili hapo. Umar hakuwa na kosa, na bado aliulizwa. Na kwa sababu alijibu palepale, khutba iliendelea. Angekasirika, wangetoka hapo kila mmoja na lake moyoni.

Na katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imo habari ya yule aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi akatenga mali mafungu mawili, hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu wote. Hakumalizana naye chemba, kwa sababu mali yenyewe ilikuwa ya umma. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Dini yetu ni dini ya daftari, dada zangu. Haya haijawahi kuwa na maana ya kuwaachia wengine amana yako bila kuuliza.

Tuseme na la kwetu. Mwaka mmoja tulikabidhiwa pesa za sare za kamati ya harusi. Shoga yetu mmoja akatuomba hesabu. Tulinuna karibu mwezi mzima, tunamwona mbaya, tunamwona hatuamini. Tulipokaa kuihesabu kwa hasira ili tumkomoe, tukakuta tumekosea kujumlisha, na shilingi 15,000 za watu zilikuwa kwetu bila sisi kujua. Tungekufa nazo. Yule shoga alituokoa na deni la watu, na sisi tulikuwa hatumwitikii salamu.

Sheria imekuwekea kiti

Sasa sikilizeni, na hasa ninyi mabibi harusi watarajiwa. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, Na. 7, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyefikisha umri wa miaka 18. Haikusema mwanamume, haikusema mzaliwa. Kwa hiyo siku unapohamia kwa mumeo na ukafanya makazi huko, umehamia pia kwenye mkutano wao. Usijiite mgeni miaka kumi.

Mkutano huo ndio mkubwa kuliko mwenyekiti na kuliko halmashauri ya kijiji. Halmashauri ina wajumbe kati ya 15 na 25, na si chini ya robo yao wawe wanawake. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu. Kila baada ya miezi mitatu wananchi wanatakiwa kuitwa na kusomewa taarifa ya mapato na matumizi. Hiyo si hisani ya kiongozi, ni kazi yake. Viongozi tulionao walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na muda wao ni miaka mitano. Ukinyamaza leo, utakaa na kinyongo chako mpaka 2029.

Ardhi vilevile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Na. 5, inasema halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Inasema pia mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Na katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kama mnataka kuandikiwa hati miliki ya kimila, majina yote mawili, ya mume na mke, anzieni kwa halmashauri ya kijiji.

Wazee wetu wa delta wanaijua gharama ya maamuzi yanayofanyika mbali na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, sisi tukiwa bado watoto, kampuni ya African Fishing Company ilitaka kufuga kamba katika delta yetu, kwa mabwawa ya karibu hekta 10,000. Baraza la taifa la mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Serikali ikaukubali mwaka 1997. Watu wakagawanyika, wengine wanatamani ajira, wengine wanahofia mikoko, mashamba ya mpunga na uvuvi wao, na waliopinga wakafika mpaka mahakamani. Mwishowe mabwawa hayakuchimbwa. Sisi hatuandiki haya kuhukumu nani alikuwa sahihi. Tunasema tu kwamba jambo kubwa namna hiyo, linalogusa chakula cha kila nyumba, lazima mtu yeyote aweze kuuliza, kijiji kilikubali lini, katika mkutano gani, na muhtasari wake uko wapi? Na kama wanawake hawakuwepo mkutanoni, basi hata muhtasari ukiwepo ni wa nusu kijiji.

Hata msaada unahitaji daftari. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, na kisha mwezi Mei kimbunga Hidaya kikaja upande wetu huu na Mafia, watu wengi walipoteza mashamba na nyumba. Wakati kama huo orodha ya wanaopewa ikibandikwa ubaoni na kusomwa kwa sauti, mjane aliyesahauliwa atasema mwenyewe, "Mimi simo." Orodha ikikaa mfukoni mwa mtu mmoja, mjane atamnung'unikia Mungu wake, na dua ya aliyedhulumiwa tunaijua.

Ukienda, uulize nini?

Si lazima uwe na kipaji cha kuhutubia. Nendeni wengi, mkae pamoja, mjisitiri, na mmoja wenu aulize kwa sauti ya kawaida. Haya yanatosha kwa kuanzia:

Moja, muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza, tujue yapi yalikubaliwa.

Pili, mapato yasomwe moja moja: ushuru, michango, faini, na kilichotoka halmashauri ya wilaya. Jumla peke yake haitoshi. Ni sawa na fundi kukwambia "kitambaa kimekwisha" bila kukuonyesha vipande.

Tatu, matumizi na risiti zake. Na kama kuna hasara, kama ile saruji, itajwe. Hasara iliyotajwa inasameheka.

Nne, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Ni mikopo isiyo na riba, na nani anaihitaji kuliko sisi tunaokimbia riba? Uliza ni vikundi gani vya kijijini kwenu vimepata, na vinarejesha?

Tano, taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na ibaki hapo. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

Na kabla ya yote hayo, ombeni saa ya mkutano. Ukiitishwa saa tano asubuhi wakati chungu kiko jikoni, au maji yamekupwa na wanawake wako kwenye kaa, msishangae wakija wanaume watupu. Baada ya Alasiri watu wanapatikana. Kuwaza saa ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua nani atakuwepo.

Waume zetu nao tuwaambie ukweli. Kama mumeo ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, usimfiche habari za mtaani ili asiudhike. Mwambie watu wanasemaje, kisha msaidie kupanga risiti. Unampenda? Basi usimwache asimame siku ya hesabu ya kijiji akiwa na mifuko mitupu, maana iko siku nyingine ya hesabu, na huko hakuna kuahirisha mkutano.

Yule bibi harusi wetu wa satini ya maziwa alikuja dukani juzi. Amembeba mwanawe, sasa anatembea na kuvuta nyuzi za cherehani. Alileta gauni lake tulipunguze, alishonee mdogo wake. Tukapima mbele yake, tukaandika. Akasema mwezi ujao wana mkutano, na ajenda ya kwanza ni kitanda cha chumba cha wazazi, bei tatu kutoka maduka matatu, zisomwe mbele ya wote. Yeye ndiye aliyeteuliwa kuzitafuta. Kisha akageuka mlangoni, akacheka, akauliza, "Na vipande vyangu?"

Tukampa mfuko wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu kwa tulichokabidhiwa, na majasiri kwa tulichowakabidhi wengine. Aamin. Wassalaam aleykum.